Tarjumani na Mvua ya Afande

Kiswahili hiki nilikipata kwa Tarjumani. Wateja wa pwani wanaoingia dukani kwangu hapa Garissa huniuliza nilikaa Lamu miaka mingapi, kwa sababu p yangu ni p na v yangu ni v, wakati dada zangu bado wanasema "bolisi" na "fita". Sijawahi kuiona Lamu. Nilikaa nyumba ya pili kutoka kwa Tarjumani katika kijiji cha seng'enge, zamani za vita vya mashifta, nikamsikia akisema kuanzia asubuhi mpaka saa ya kafyu, na maneno yake yakanishika kama moshi unavyoshika nguo.

Ukoo wake nauacha. Pale kila mtu aliujua, na wapo waliogombana kwa ajili yake baadaye, na watoto wao ni majirani zangu. Sisi tulimwita Tarjumani. Hata Dahabo, mkewe, alimwita hivyo akikasirika.

Kijiji chenyewe hakikuwa kijiji. Serikali ilikuwa inapigana na mashifta, watu wetu wenyewe waliotaka sehemu hii ijitenge na Kenya ijiunge na Somalia, ikaona kwamba wanaishi kwa maziwa yetu. Basi ikatukusanya kutoka porini, ikatuweka mahali pamoja kando ya barabara ya Modogashe, ikatuzungushia seng'enge. Ndani yake tulijenga aqal zetu, nyumba za fito na mikeka, zimebanana mlango kwa mlango. Lango lilikuwa moja, upande wa juu, na kupita lango kulikuwa na kambi ya askari na ghala la mahindi lililojengwa kwa mawe. Upande wa chini kulikuwa na laga, mto mkavu ambao ulikuwa mchanga mtupu na alama za kwato. Siku tuliyofungiwa mume wangu alikuwa mbali akichunga ngamia, akabaki huko. Mimi nilikuwa ndani na mama yake, na binti yetu Sahra, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Mkubwa wa kambi tulimwita Afande. Alitoka nchi ya baridi, na jua letu lilimchubua ngozi na roho pia. Hakujua Kisomali, sisi hatukujua Kiswahili, na katikati yetu alisimama mtu mmoja.

Alijipenda mno mtu huyo. Mahali ambapo maji tuligawiwa kwa kopo, yeye shati lake lilifuliwa kila siku. Kaptula yake ya kaki Dahabo aliipiga pasi ya makaa mpaka ikasimama yenyewe, na soksi alizivuta hadi magotini katika joto ambalo mbuzi walikuwa wanahema. Alipita katikati ya nyumba polepole ili aonekane. Jioni, akishavaa macawis yake, kikoi cha wanaume wa kwetu, na kukaa mkekani kama wanaume wengine, alikuwa mtu mwingine, mwenye kicheko, anayewabeba wanawe wawili mabegani na kuwaita majina ya ngamia maarufu. Lakini asubuhi soksi zilipanda tena.

Nilianza kujifunza kwake kwa kudhihakiwa. Aliponisikia nikimwambia askari "nataka bita", alisimama. "Bita ni nini, abaayo, dada yangu? Ni ugonjwa?" Akaniweka mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja maji, akanisemesha "pita" mpaka midomo ikanivimba, na kila nilipokosea aliwageukia akawafasiria nilichosema, kila mara jambo jipya la aibu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimchukia wiki nzima. Wiki iliyofuata nilisema "pita" vizuri, askari akanipisha, na nikaona faida yake.

Kufasiri kwake kulikuwa hivi. Siku ya kwanza kabisa, Afande aliposimama na fimbo yake akionyesha mahali pa kujenga, Mzee Guhad, aliyekuwa mkubwa wetu, alisema, "Mwambie hapa maji hupita. Si kila mwaka, lakini hupita." Tarjumani aliangalia jua. Aliangalia askari waliolowa jasho. Asubuhi ile Afande alikuwa amewachapa wazee wawili kwa kubisha. Tarjumani akamgeukia, akasema kwa Kiswahili maneno machache. Mzee Guhad akauliza, "Amesemaje?" Tarjumani akajibu, "Amesikia." Sauti ya yale maneno ya Kiswahili ilibaki masikioni mwangu bila maana, na nilipokwisha kujifunza lugha, siku moja nikiwa nakamua mbuzi yakafunguka yenyewe: "Anasema mahali ni pazuri, Afande. Anashukuru."

Nilimwendea nikamwuliza. Hakukana. "Ningesema vile alivyosema," akaniambia, "angekula viboko, na tungejenga pale pale. Nilimwokolea mgongo."

Huenda ilikuwa kweli. Kwake kila kitu huenda kilikuwa kweli. Kijana mmoja alikamatwa nje ya waya baada ya kafyu, akaletwa amefungwa kamba, na Afande alipomwuliza alikuwa anatafuta nini, yule kijana alimtukana mama yake Afande tusi ambalo siwezi kuliandika. Sote tulilisikia. Tarjumani akasema, "Anaomba msamaha, Afande. Ndama wa ngamia alipotea, alikuwa anamtafuta, ndiye riziki ya mama yake." Kisha akampiga yule kijana kofi zito usoni, Afande akaridhika, kijana akafunguliwa. Maisha yake yalipona pale. Na mtu mwingine, mwuza majani ya chai, ambaye zamani alimwita Tarjumani mbwa wa serikali, alipofika mbele ya Afande kuomba ruhusa ya kumpeleka mkewe mgonjwa hospitali, aliombewa kitu kingine kabisa. Afande aliamuru akae juani mpaka magharibi. Mkewe alipona mwenyewe, lakini ngozi ya kichwa cha yule mtu ilibanduka. Nilimsikia Tarjumani akimwambia Dahabo usiku huo, bila kunong'ona, "Aliniita mbwa. Leo amejua mbwa anauma."

"Usinikasirikie mimi, mimi napitisha tu," ndilo neno lake alilolisema kila siku. Alilisema kwa waliochapwa, kwa walionyimwa, na kwa wanawake ambao waume zao walichukuliwa kwenye lori. Aliwapitishia sukari pia, akiiiba kambini. Mama mkwe wangu alipougua alimletea sukari kwenye kitambaa mara nyingi, na kila mara alisimama mlangoni akasema kwa sauti kubwa kwamba bila yeye bibi huyu angekunywa chai chungu. Mama mkwe aliipokea akamshukuru, na alipoondoka alitema mate.

Matangazo aliyatoa kwa kipaza sauti cha bati, chenye umbo la faneli kubwa. Tuliita maneno hayo "maneno ya bati". Aliyaimba. Alikuwa na namna ya kuvuta mwisho wa kila sentensi kama mtu anayenadi mbuzi, na kuchomeka mzaha wake mwenyewe katikati, na watoto wakawa wanamwiga.

Sasa nifike kwenye mvua.

Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya majira. Tarjumani alipita asubuhi na bati lake akisema Afande amepata habari kwa redio ya kambi kwamba dhoruba kubwa inakuja, upepo wa kung'oa nyumba, na kila mtu aingie ghala la mawe mara moja. Tulishukuru. Aqal zetu zilikuwa hazijakazwa vizuri, mikeka ilikuwa michache. Tulibeba watoto na mikeka ya kulalia, tukaingia, na mlango ukafungwa. Ndani mlikuwa na giza na vumbi la mahindi, na joto likapanda mpaka watoto wakatapika. Hakuna jani lililotikisika huko nje. Tulipofunguliwa alasiri tulikuta nyumba zimepekuliwa. Sanduku la mama mkwe lilivunjwa, vibuyu vya maziwa vilimwagwa kutafuta risasi. Vijana wawili waliojificha chini ya mikeka walitolewa, wakapandishwa kwenye lori, na mama zao hawakuwaona tena.

Dahabo alikuwa ghalani pamoja nasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya nguvu, asiyesema sana. Alisuka mikeka mizuri kuliko sisi sote na hakupenda kusifiwa. Mwanawe mdogo alizimia mle ndani. Jioni ile alimlipukia mumewe, na ukuta wa mkeka haufichi neno.

"Umenifungia stoo kama gunia!" alimwambia. "Mtoto wako nimemmwagia mkojo kichwani ili azinduke, maji hayakuwapo! Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza?"

Akasema kwa sauti ya chini, nami nikaisikia kwa sababu nilikuwa nimeegemea ukuta: "Maneno ya bati si maneno yangu. Usiyafuate tena. Siku nikitaka utoke, nitakuja mlangoni mwenyewe nikwambie, Dahabo, toka."

Mara ya pili kulikuwa na mawingu kidogo. Bati likaimba tena: dhoruba, ghala, haraka. Nusu ya watu wakaenda. Dahabo akabaki, akawasha moto akapika. Waliokwenda walifungiwa, na ngamia wa maziwa waliokuwa wameruhusiwa kulala ndani ya waya wakaswagwa wakapelekwa, serikali ikasema ni adhabu. Nyumba ya Dahabo haikuguswa, wala mbuzi wake. Tuliokuwa tumeketi karibu naye tukisuka, mbuzi wetu hawakuguswa pia.

Baada ya hapo hakuna aliyeangalia mawingu. Watu walianza kuliita jambo hilo "mvua ya Afande", na wazee wakalitania wakinywa chai. Bati likilia, kila mwanamke alichungulia mlango wa Dahabo kwanza. Mama mkwe wangu, ambaye maisha yake yote alisoma mvua kwa pua yake, aliniambia, "Achana na mbingu. Mtazame Dahabo."

Dahabo mwenyewe hakupenda kutazamwa. Alijua. Akitoka kwenda kuchota maji tuliona vichwa vikigeuka nyuma yake.

Siku yenyewe ilianza na joto lisilo na upepo. Nzi walikuwa wengi, waling'ang'ania macho ya Sahra. Baada ya sala ya adhuhuri Tarjumani alishuka kutoka kambini na bati, na askari mmoja mwenye bunduki akimfuata nyuma.

"Wananchi!" akaimba. "Afande anasema huko juu kumenyesha kupita kiasi, na dhoruba inashuka kwetu. Lango liko wazi, ghala liko wazi. Njooni na watoto wenu. Asiyetaka, basi abaki aoge, maana wengine hapa hawajaoga tangu walipozaliwa!"

Watu walicheka. Mzee Guhad aliinua fimbo yake juu akasema, "Mvua ya Afande imerudi! Leo wanataka mbuzi." Wakacheka zaidi.

Tarjumani alishuka mpaka nyumba za mwisho, karibu na laga, akiimba maneno yale yale, kisha akapanda tena. Njia yake ilipita mbele ya nyumba yake. Dahabo alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Kijiji chote kilikuwa kinaangalia, na mimi nilikuwa karibu kuliko wote, Sahra amenishika goti. Tarjumani alimtazama mkewe. Alimtazama vizuri, si kupitisha macho. Hakusema kitu. Akapita, na askari akapita nyuma yake, wakaelekea langoni.

Dahabo akarudi ndani. Nikasikia mwiko ukigonga chungu. Kote kijijini watu wakakaa chini.

Upepo ulikuja saa ya alasiri. Kwanza tuliona ukuta mwekundu upande wa Modogashe, umesimama kutoka ardhini hadi mbinguni, na mbuzi wakaanza kulia wote pamoja. Mama mkwe alitoka, akanusa, na uso wake ukabadilika. Hakuwahi kunitazama hivyo. "Hii ni ya Mungu," akasema. Nilimfunga Sahra mgongoni kwa shuka. Vumbi lilitupiga tukiwa bado mlangoni, kisha mvua ya mawe, na mikeka ikaanza kuruka kama ndege. Aqal yetu ilinyanyuka upande mmoja ikashuka, na ufito wa katikati ulimpata mama mkwe kichwani. Nilimwita. Nilimgusa mkono. Sikuweza kumbeba yeye na mtoto.

Waliokimbilia juu walikuta lango limefungwa kwa mnyororo. Afande, alipoona hakuna anayekuja, alikuwa ameamuru lifungwe, akisema wenye vichwa vigumu waachwe. Watu walijazana pale wakiushika waya kwa mikono mitupu. Mimi sikufika. Nilikuwa katikati ya njia niliposikia mngurumo nikadhani ni malori ya jeshi, malori mengi, na nilipogeuka niliona laga imesimama. Maji yalikuja na miti mizima, migunga yenye miiba yake. Yalinichukua miguu, yakanirudisha chini kupita nyumba zetu, yakanibamiza kwenye seng'enge ya upande wa chini.

Miiba ya waya ilinishika bega na pindo la kanga. Ndiyo iliyonizuia nisiende. Maji yalinifika kifuani, na Sahra mgongoni alikuwa juu yake bado, akilia sikioni mwangu, akiniita.

Tarjumani alikuwa amevunja mnyororo wa lango kwa nondo. Hilo nililijua baadaye, kwamba yeye ndiye aliyeuvunja na Afande akimpigia kelele aache, na waliopona walipona kwa ajili hiyo. Kisha akaingia majini. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anakuja akishika waya, mkono baada ya mkono, mikono inavuja damu, hana shati, anaita bila bati kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Dahabo! Toka! Ni mimi! Dahabo, toka!"

Aliona mgongo wa mwanamke na shuka. Alinishika kwa lile fundo la shuka, akavuta kwa nguvu zake zote, na wimbi likatufunika sote. Fundo lilifunguka. Niliusikia uzito wa Sahra ukiteleza kutoka mgongoni, na mkono wake mdogo ulinishika nywele, kisha ukaachia. Mkono mwingine wa Tarjumani ulikuwa umenikamata kwapani. Nilimpiga, nilimwuma, aliendelea kunivuta mpaka ardhi ngumu. Pale akanigeuza uso akanitazama.

"Si wewe," akasema.

Akarudi majini. Mimi nilikuwa nimeshika shuka tupu.

Dahabo alipatikana asubuhi, nyumba yake imemwangukia, na wanawe wawili chini ya mikono yake ile ya nguvu. Alikuwa hajasogea hatua moja kutoka pale alipokuwa akipika. Wanawake tuliobaki tulimwosha yeye na mama mkwe wangu na wengine kwa maji yale yale ya laga. Sahra hakupatikana.

Tulizikia nyuma ya ghala, juu, mahali pakavu. Afande alikuja na askari wake akasimama mbele yetu. Alitaka kusema. Tarjumani alisimama kando yake na kaptula iliyokauka kwa matope, bila soksi, mikono imefungwa vitambaa.

"Waambie niliwaonya," Afande akasema.

Tarjumani akavuta pumzi. Akatufasiria kwa sauti safi iliyofika hadi mwisho wa watu: "Anasema aliwaonya."

"Waambie hawakusikia."

"Anasema hamkusikia."

"Waambie serikali haina lawama."

"Anasema serikali haina lawama."

Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Hakuvuta mwisho wa sentensi. Kati ya maneno hayo na makaburi ya wanawe kulikuwa na hatua chache tu.

Mzee Guhad, ambaye mkono wake ulikuwa umevunjika, alisema, "Muulize ni mvua ipi aliyotuonya. Ya kwanza, ya pili, au hii?"

Nilitega sikio, maana sasa lugha zote mbili nilizielewa. Tarjumani alimgeukia Afande akamwambia, "Anauliza ni mvua ipi uliyowaonya, Afande. Ya kwanza, ya pili, au hii." Neno kwa neno. Afande akaangalia saa yake. Akasema watu wahesabiwe saa kumi, kisha akarudi kambini.

Vita vilipokwisha waya ukang'olewa, kila mtu akaenda zake. Mume wangu alirudi akiwa na ngamia wawili, tukahamia Garissa, Mungu akatupa watoto wengine. Tarjumani alitoweka. Na watu wakatengeneza habari yake, kama wanavyofanya. Walisema: maskini, alikuwa na askari nyuma yake. Bunduki ilikuwa mgongoni mwake alipompita mkewe. Angefungua mdomo angepigwa risasi. Alimtoa sadaka Dahabo kwa kulazimishwa. Habari hiyo ilisimuliwa arusini na matangani, na mimi niliwasimulia wanangu hivyo hivyo. Watu walipojua kwamba mimi ndiye niliyetolewa naye majini walinishika mkono. Habari ya fundo la shuka sikumwambia mtu, hata mume wangu. Niliona mtu yule amebeba ya kutosha.

Nikamkuta Modogashe. Nilikuwa nakwenda Isiolo na mzigo wa vitambaa, na lori letu lilipasuka tairi pale njia panda. Niliketi kwenye hoteli ndogo ya mabati, na mzee aliyekuwa akimenya tangawizi akainua macho.

"Abaayo," akasema. "Wewe ni wa nyumba ya pili."

Alikuwa amekauka, ndevu zimetiwa hina, mgongo umepinda. Hoteli ilikuwa yake. Alikuwa na mke mwingine, na msichana mdogo aliyeleta chai bila kuambiwa. Tuliulizana hali, tukawataja waliokufa tangu wakati ule, tukawaombea. Kisha akaniuliza, "Huko Garissa wanasema nini juu yangu?"

"Wanasema kulikuwa na askari nyuma yako na bunduki."

Alicheka kidogo, akaweka kisu chini.

"Yule askari hakujua Kisomali hata neno la kuombea maji. Ningeweza kumwambia Dahabo lolote. Angedhani namwuliza chakula kimeiva."

Nilikisukuma kikombe changu kando.

"Sikuamini," akasema. "Afande aliponiambia dhoruba, nilimtazama usoni, na ulikuwa uso ule ule wa mara ya kwanza na ya pili. Nikasema moyoni, leo wanataka mbuzi. Nilipopita nikamwona amesimama na mwiko, nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Nilisema, mwanamke huyu amenielewa. Nikaenda kambini nikanywa chai. Nilikuwa bado nakunywa vumbi liliposimama."

Msichana alikuja akachukua maganda ya tangawizi, akaenda.

"Umewaambia wengine?"

"Hawataki kusikia. Wananiambia ni uchungu unasema. Wanataka askari wao." Akaniegemea. "Nakwambia wewe kwa sababu wewe huwezi kunichukia. Wewe nilikutoa."

Nilikuwa nimekaa kimya miaka yote ile kwa sababu ya bunduki mgongoni mwake, na sasa bunduki haikuwapo.

"Ulinivuta kwa shuka," nikamwambia. "Sahra alikuwa ndani yake."

Alinitazama. Alikuwa anamkumbuka Sahra. Niliona jina linamfikia. "Alikuwa amekwisha kufa," akasema haraka, kama anayenipa jibu la kunisaidia.

"Alikuwa analia. Fundo ulilifungua wewe."

Alichukua kisu, akaanza tena kumenya tangawizi iliyokwisha kumenywa. Mkewe aliita kutoka ndani kuuliza kama tunataka chai zaidi.

Dereva akapiga honi. Nilisimama. Naye akasimama, akanifuata mpaka kwenye lori, na nilipoinama kuchukua mzigo wangu akanyoosha mikono anisaidie kuupandisha.

"Acha," nikamwambia. "Nitaupandisha mwenyewe."

Mzigo ulikuwa mzito na mimi si kijana. Uliniponyoka mara mbili, kamba ikanichana kiganja. Alisimama palepale, mikono imemning'inia, akanitazama mpaka nikaufikisha juu.